Jina la Kaka Yenu Lisiandikwe

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na haya ninayotaka kuwaambia sitaki yapite kwanza kwenye mdomo wa mtu mwingine yakawafikia yametiwa chumvi. Chuma, binti yangu, zima hiyo feni, inanipigia kelele tu na joto ni lile lile. Kasuku, kitinda mimba wangu, keti hapo sakafuni karibu na beseni, na leo, mara moja tu tangu nikuzae, usinikatize. Na wewe Nadhifu, kifungua mimba, achana na hicho kiti cha plastiki, mguu wake umepasuka. Njoo ukae hapa kitandani ubavuni kwangu, ingawa najua shuka linanuka dawa ya kuchua na wewe hata ulipokuwa mtoto hukukubali kukaa popote bila kupangusa kwanza. Karani wa viapo yuko sebuleni anakunywa chai. Nimemwita mimi. Ikiisha mwongezeeni, kazi yake itafika nikimaliza yangu.

Mimi nimechoka. Nataka mlijue hilo kabla ya mengine, msije mkalia kana kwamba nimenyang'anywa kitu. Kifua hiki kimejaa vumbi la mwamba la miaka yote ile. Daktari aliiweka ile picha yake kwenye taa, akawa anatafuta maneno laini ya kunieleza hayo mawingu ndani ya mapafu, nikamwambia mwanangu usihangaike, hayo nayafahamu, nimeyavuta mwenyewe. Sitaki kurudishwa wodini, na sitaki mtu auze chake ili ninunuliwe wiki mbili zaidi za kukohoa.

Nyumba hii haina mgogoro. Mabati haya aliezeka Nadhifu kwa mishahara yake ya mwanzo, tukiwa bado tunatega ndoo tano mvua ikinyesha, kwa hiyo nyumba ni yake, na Chuma atakaa chumba cha uani mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka, hata kama ni mpaka naye aitwe bibi. Vyombo gawaneni. Cherehani apewe mke wa Kasuku, asizidi kuniazima nikishakufa. Kinachonikosesha usingizi ni vile vitalu vinne vya mlimani, na ni kwa ajili ya hivyo nimewaita wote watatu chini ya bati moja, maana nikimwambia mmoja mmoja mtasema mama alimwambia huyu hivi na yule vile.

Sikilizeni vizuri, hata kama mnadhani mnajua. Ule mlima si wetu na haujawahi kuwa wetu. Ni ardhi ya umma, yangu na yako na ya yule anayepita barabarani asiyejua hata jina lake. Baba yenu alichofanya ni kupigilia vigingi, akaandikishwa, akapewa haki ya kuchimba ndani ya vigingi vile, basi. Haki hiyo kila mwaka inadaiwa ada, kitalu kwa kitalu, na ada yenyewe si ya mtu wa hali yetu. Ila wameweka msamaha kwa wachimbaji wadogo: ukiwa na vitalu visivyozidi kumi, na mwaka huo umevifanyia kazi kwa kiwango walichoweka, na umekwenda kuapa kabla ya siku ya mwisho, ada unaondolewa. Usipolipa na usipoapa, siku ikipita, kitalu kinakufa hapo hapo. Hakuna kuomba radhi. Kesho yake yeyote anaweza kuja na vigingi vyake, na wa kuja wapo, wameegesha gari kule chini wanasubiri.

Watu wa mjini wakisikia tumesamehewa ada wanatuona wenye bahati. Mwenye pesa analipa, analala kwake, kitalu chake kinaota nyasi na bado ni chake. Sisi tulilipa kwa migongo. Kila mwaka mvua zikikatika ilibidi tutoe tope lililojaa shimoni, tung'oe magogo yaliyooza na kuweka mengine ya kuzuia kuta, tuchimbe mbele kidogo hata pale ambapo mwamba haukuwa na kitu cha kumnunulia mtoto kalamu, tutengeneze njia, tupige picha, tuandike nini kimefanyika, halafu twende tukasimame mbele ya karani tuinue mkono. Nilishuka shimoni nina mimba ya huyu Kasuku, na labda ndiyo maana hanyamazi, alisikia nyundo tangu tumboni akajua asipopayuka hatasikika. Baba yenu alilipenda lile shimo. Alikuwa akitoka na kipande cha jiwe amekitia mate ili king'ae, ananionyesha huku anacheka kama bwana harusi, na mimi naangalia suruali yake nawaza nitalitoaje lile tope. Mimi sikulipenda, wanangu. Hata siku moja. Nililifanyia kazi kwa sababu nyinyi mlikuwa mnakula, na baba yenu alipotangulia nikaendelea kwa sababu mlikuwa bado mnakula.

Na wawili wenu mnakula humo mpaka leo. Chuma anaendesha karasha, anasaga mawe kutwa, na mkono wake wa kushoto kila mtu anauona. Mwanamke wa umri wake, vidole viwili vimebaki kwenye mashine, nani atamwajiri? Kasuku anavuta maji, anapanga magogo, anawachekesha vibarua ili wasikimbie. Vitalu vile vikienda, hawa wawili hawana mbele wala nyuma. Nadhifu hatalala njaa. Hilo nalisema wazi kwa sababu yanayofuata hayaeleweki bila hilo.

Mnamkumbuka mhunzi, jirani yetu wa upande wa korongo, aliyekuwa anatunolea sururu. Alikuwa na vitalu vitatu, na msamaha alikuwa akiupata kila mwaka kama sisi. Alipoanza kutetemeka mikono, wanawe wakasema tumwondolee mzee mzigo, tuandike majina yetu; na kwa adabu zao, maana mhunzi aliwalea vizuri, wakaona haifai kuandikana wenyewe na kumwacha kaka yao mkubwa aliyekuwa mbali akifanya biashara ya mitambo ya madini. Wakamtanguliza. Yeye mwenyewe hata hakuomba. Mwaka ukazunguka, wakafanya kazi yote, wakaapa, karani akagonga mhuri, wakachinja kuku. Miezi ikapita ndipo ikaja barua: mmoja wa wamiliki wenu ana vitalu vingi kwingineko, si mchimbaji mdogo, kwa hiyo msamaha haukuwahusu, na kwa kuwa ada hamkulipa, vitalu vilishakufa tangu ile siku ya mwisho. Walipokwenda mlimani walikuta vigingi vipya vimeshapakwa rangi. Leo mhunzi ni mlinzi wa geti la shimo lake mwenyewe. Wamempa sare, mabega yanampwaya, na nikipita ananipigia saluti kwa mzaha, nami najikaza nicheke, kisha nikifika kwenye kona naufuta uso.

Umeshaanza kuangalia viatu vyako, Nadhifu. Umeelewa ninakokwenda.

Mwanangu, kampuni yako ilipokosa pesa ya kuwapa bahashishi mwisho wa mwaka iliwapa ubia kwenye vitalu vyao vya bondeni, wewe na wenzako, na ulikuja hapa na keki tukashangilia. Nilishangilia kwa moyo wote. Lakini ofisi ya madini haimhesabu mtu kwa kitalu kimoja kimoja. Inamhesabu kwa vyote alivyonavyo popote kwenye ardhi ya umma, na vya mkewe na vya watoto wake wadogo vinaingia humo humo. Vyako vimeshapita kumi. Jina lako likikaa kwenye kitalu chetu, hata sehemu yako ikiwa ndogo kama ukucha, sisi sote tunakuwa wakubwa pamoja na wewe, na msamaha unakufa. Na nikifa bila kusema lolote, sheria inawapa vitalu nyote watatu kwa pamoja, sawa kwa sawa, na hapo msiba wangu na wa vitalu vile vitakuwa siku moja. Ndiyo maana navihamisha leo, ningali napumua, kwa Chuma na Kasuku peke yao.

Kaa. Nadhifu, usinyanyuke. Kasuku, sogea mlangoni, kaka yako asitoke. Sijamaliza na wewe.

Chuma, mwezi uliopita ulikuja na zile karatasi umeshazijaza, umeanza na jina la kaka yako kwa mwandiko wako wa kujitahidi, nami nikazichana mbele yako. Ukadhani nimekasirika kwa sababu hamkuniuliza. Nilikuwa na homa, sikuwa na pumzi ya kueleza, na wewe ukampigia kaka yako ukamwambia mama kachana karatasi yenye jina lako. Akaja Jumapili ile uso ameukunja, akaacha mfuko wa matunda mezani, akaondoka bila kuvua hata koti. Nililia, mjue. Siyo nyinyi tu mnaolia humu ndani. Kosa si la Chuma. Nani kati yenu ningemfundisha kumruka mkubwa? Tangu mko wadogo nilisema kaka yenu anatangulia, kwenye sahani, kwenye maji ya kuoga, kwenye kiti cha mbele. Nimewazoesha hivyo mwenyewe, na sasa nawaomba kwenye jambo hili moja mnisikilize kinyume.

Nadhifu, uliniambia, mama, niandike, ada nitalipa mimi kila mwaka, dada apumzike na karasha. Hakuna mtoto aliyewahi kuniambia maneno mazuri kuliko hayo, na mgongo huu ulitaka kukubali kabla ya kichwa. Lakini kazi yako ni ya watu, baba. Mwaka ule ulipomwaga unga hukutuambia. Ulikuwa unapita hapa kila mchana, suti umevaa, mkoba mkononi, unasema nilikuwa maeneo ya jirani tu, nikaona niwasalimie. Nami nakupakulia, unakula unamaliza. Unadhani sikujua? Niliongeza kipimo cha unga chunguni tangu siku ya pili. Mwaka kama ule ukirudi, na siku ya mwisho ya ada ikakukuta mkono mtupu, utaona aibu kusema, nakujua, utanyamaza mpaka siku ipite. Halafu utaishi na uso wa dada yako. Sitaki ubebe hilo. Na usije ukaviacha vile vya bondeni ili uingie kwenye hivi, una watoto wanasoma, usiwavue nguo kwa ajili ya mlima.

Naomba maji. Kidogo tu. Basi, basi, yanamwagika.

Mtasema basi kaka yetu ametupwa nje. Hajatupwa. Ofisi inataka kujua nani mmiliki. Mikono iliyoshika sururu haiulizi ni ya nani, iwe ya mwenye kitalu au ya kibarua au ya ndugu. Kwa hiyo Nadhifu, kila mwaka mvua zikikatika, uombe likizo, uvue hivyo viatu, uje ufanye kazi ya mlimani pamoja na wenzako mpaka iishe, na atakayekupangia kazi ni Chuma. Akikwambia toa tope, utatoa tope. Usije na maneno ya ofisini kule. Na wewe Chuma usimwonee haya, usimpe kazi ya kuhesabu magogo kivulini eti ni mkubwa, mpe koleo. Kasuku, usimcheke zaidi ya siku ya kwanza.

Na kuapa, aapeni kwa kazi iliyofanyika. Wapo wanaopiga picha ya shimo la jirani wakaenda kuinua mkono, na wengine wanapita miaka salama. Mimi sikuwahi kupata ujasiri huo, na sasa nimelala hapa nashukuru, maana kitu cha kunisumbua ni kikohozi peke yake.

Lingine, na hili linaweza kuwashangaza. Mkichoka, viacheni. Msije mkakaa kwenye lile shimo mpaka mapafu yenu yawe kama yangu eti ni urithi wa mama. Jueni siku ya kuacha wenyewe, kaeni watatu, semeni imetosha, ng'oeni vigingi mchana kweupe na mrudi nyumbani mkaoge. Hilo halitanisumbua nilipo. Kitakachonisumbua ni mkivipoteza kwa heshima, kwa kuoneana haya, kwa kutaka kuandikana ili mtu asinune. Nuneni. Kununa kunapita.

Shangazi yenu, dada wa baba, hatujasemeshana tangu aliposimama msibani akasema mwanamke hana haki ya kurithi vigingi vya mumewe. Yaliniuma, na nilikaa na uchungu ule nikaufuga kama mbuzi. Sasa sina nguvu ya kuulisha. Nikifa, yeye apewe habari kabla ya majirani, na akija asikae jikoni, akae na nyinyi mbele. Ugomvi ulikuwa wangu na yeye, nyinyi hamkuurithi. Na kwa mhunzi kuna kamba ndefu, nene, niliazima kwake kabla hajapoteza vyake, na nikaona aibu kuirudisha kwa mtu asiye tena na shimo la kushukia. Iko chini ya kitanda hiki. Mpelekeeni. Asipoitaka ya kazi, atatundikia nguo.

Mnizike karibu, msinipeleke mbali. Ikiangukia siku ya kazi, msichukue gari la watu kwa ajili ya kunibeba. Wale vibarua wa Chuma wapewe chakula siku hiyo kama wageni wengine, wasiambiwe wasubiri nyuma. Nguo yangu ya kazi... ichomeni, hiyo hata msimpe mtu, imejaa vumbi.

Nasikia... kikombe kimewekwa mezani. Mwiteni karani. Mwambieni aingie, asivue viatu, sakafu yenyewe hii. Shikamoo si lazima, mwanangu, nimeisikia, marahaba. Lete karatasi. Wasomee kwa sauti. Polepole.

Mmesikia? Chuma. Na Kasuku. Na hapo chini ni pa Nadhifu, kwamba yeye mkubwa amesikia na hadai. Karani amenieleza Nadhifu asipoweka mkono wake hapo, ndugu yeyote anaweza kuja kuivuruga baadaye, hata shangazi. Sikulazimishi, baba. Siwezi... hata kukunyanyulia kidole siwezi. Nimekuomba tu, mbele ya wenzako.

Unalia na kalamu mkononi, utalowesha karatasi ya watu. Haya. Ahsante. Ahsante, mwanangu. Sasa nitapata usingizi.

Bado mimi. Kusaini siwezi, nitaweka dole gumba. Chuma, lete ule wino... mkono wangu unatetemeka, hautulii mahali. Hapana, usishike wewe, Chuma. Wala Kasuku. Mkubwa ndiye anishike.

Njooni wote mniguse, basi. Mungu awape... pumzi, wanangu. Pumzi nzuri, isiyokwaruza. Awape kazi inayokwisha jioni. Msikae mwezi bila kuonana. Awalinde... Chuma na mashine ile. Kasuku asikose wa kumsikiliza. Na huyu... huyu wangu wa kwanza... Mungu amtangulize yeye kwenye kila...

Dole gumba. Siyo hicho, hilo. Shika kifundo cha mkono, uniweke hapo alipoonyesha karani. Mbona unanishika kama yai? Kaza kidogo, alama isije ikafutika.

Bonyeza, baba. Siumii.